Kisa cha aasvogel: ndege mmoja, majina matatu

Usuli

Mchapishaji mmoja wa vitabu vya shule Afrika Mashariki aliamua kutoa kwa Kiswahili hadithi ya zamani ya Kiingereza ya uwindaji na vita. Iliandikwa mwishoni mwa karne ya 19, na mandhari yake ni Natal na nchi ya Wazulu, kusini mwa Afrika. Haki za kazi yenyewe zilikwisha muda zamani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwomba ruhusa. Walengwa walikuwa wanafunzi wa sekondari na walimu wao.

Kazi iligawiwa wafasiri wawili. Wa kwanza ni mwalimu wa fasihi, mama wa pwani, aliyepewa nusu ya mwanzo. Wa pili ni kijana mwenye shahada ya tafsiri, mzaliwa wa Uasin Gishu, aliyechukua nusu ya pili. Kila mmoja alifanya kazi kwake na muda ulikuwa mfupi. Mimi niliitwa nikiwa mhariri wa lugha, rasimu zote mbili zikiwa zimeshaunganishwa kuwa mswada mmoja. Kitabu, mchapishaji na wafasiri siwataji, na baadhi ya alama za kuwatambulisha nimezibadilisha kwa ridhaa yao. Wote wawili walitaka kisa hiki kiandikwe ili wanaoingia kwenye fani wakitumie.

Neno lenyewe

Neno lililotusumbua ni aasvogel. Asili yake ni Kiholanzi: aas ni mzoga, vogel ni ndege. Makaburu, yaani walowezi wenye asili ya Kiholanzi wa Rasi ya Tumaini Jema, walilitumia kwa ndege wakubwa wala mizoga. Lugha yao ilipozidi kujitenga na Kiholanzi cha Ulaya, ile g ya katikati ikaanguka, na leo kwa Kiafrikana neno huandikwa aasvoël, na nukta mbili juu ya e kuonyesha kwamba ni silabi ya peke yake. Kiafrikana kilitambuliwa kisheria kuwa lugha rasmi mwaka 1925. Kabla ya hapo, aliyetaka kuandika neno la Kaburu mara nyingi aliliandika kwa tahajia ya Kiholanzi, na ndiyo maana Waingereza wa karne ya 19 wakaandika aasvogel, wakalibandika s yao ya wingi mwishoni.

Halikuingia Kiingereza peke yake. Liliingia na veld, trek, kraal, laager na spoor, na majina ya wanyama kama springbok, aardvark na wildebeest. Hilo la mwisho limeshamiri. Ukikaa Serengeti msimu wa nyumbu utalisikia kwa watalii kutwa nzima. Aasvogel likabaki vitabuni, hasa kwa waandishi waliowahi kuishi kusini. H. Rider Haggard, aliyefika Natal mwaka 1875 akiwa bado kijana, alilitumia mara nyingi katika hadithi zake. Katika kamusi kubwa za Kiingereza utalikuta kurasa za mwanzo kabisa, jirani ya aardvark. Katika kamusi ndogo za shuleni halimo.

Jambo la pili lilitugharimu zaidi. Kwa mwenye lugha, aasvoël ni jina la jamii nzima, na kila aina ina nyongeza yake. Kransaasvoël ni yule wa magenge, witrugaasvoël ana mgongo mweupe, swartaasvoël ni mweusi, baardaasvoël ana ndevu. Mwandishi wa Kiingereza alichukua jina la jamii akaziacha nyongeza. Anapoandika aasvogel, msomaji hajui ni yupi, isipokuwa ayatazame mazingira.

Yaliyotokea

Mfasiri wa kwanza alikutana na neno hili mapema, pale ng'ombe wa gari la kukokotwa anapokufa njiani na msafara unalazimika kumwacha. Alilitafuta kwenye kamusi aliyokuwa nayo, hakulipata. Programu ya kutafsiri aliyoijaribu ilimrudishia neno lile lile bila kuligusa. Akatazama muktadha: ndege wanazunguka angani, kisha wanashuka. Akaandika mwewe.

Kwa sentensi ile peke yake si kosa linalopiga kelele. Mwewe huzunguka, na mwewe hushuka. Lakini ukurasa wa pili mwandishi anawasogelea: ndege wamejaa mgongoni mwa ng'ombe, wengine wameingiza vichwa na shingo tupu ndani ya mbavu, mwingine amekaa pembeni ametandaza mbawa, kashiba hata kuruka hawezi. Msomaji wa pwani anamjua mwewe kwa kunyakua vifaranga. Mwewe wa kujaa ndani ya ng'ombe hajapata kumwona.

Mfasiri wa pili alilijua neno. Alipata maana yake kwa kulitafuta kwa tahajia mpya ya Kiafrikana, akaandika tai. Mahali pamoja aliandika "ndege wale" ili asilirudie, na aya moja ilimponyoka kabisa, ikabaki na "hao aasvogels", s ya Kiingereza ikining'inia kwenye sentensi ya Kiswahili.

Niliposoma mswada mzima kwa mfululizo, ndipo uzito wa jambo ulipoonekana. Hadithi ina kilele karibu na mwisho: mwindaji anawaona ndege wakizunguka juu ya korongo la mbali, na kabla ya kuambiwa lolote anajua kwamba kule kuna maiti. Mwandishi hafafanui, maana hana haja. Alikwisha kumfundisha msomaji kule mwanzo, kwenye kifo cha ng'ombe, ndege hawa ni nani na wakizunguka maana yake nini. Katika mswada wetu waliomla ng'ombe ni mwewe, na walio juu ya korongo ni tai. Uzi umekatika. Mwanafunzi atasoma kilele kile na kuona ndege wa fahari wakipaa.

Kulikuwa na makosa mengine mawili, na haya hayakutokana na neno lenyewe. Rasimu ya kwanza ilisema ndege walikuja "wakinusa damu", maneno ambayo mwandishi hakuyasema. Na pale ndege wanapoondoka asubuhi kutoka kwenye krantz, yaani magenge ya mawe, mfasiri hakulijua neno hilo pia, akaandika kwamba waliruka kutoka juu ya miti.

Mjadala wa tai

Niliitisha kikao cha watatu. Nilidhani tai litaondoka kwa dakika chache. Haikuwa hivyo.

Kijana alikuja amejiandaa. Akafungua Biblia ya Kiswahili, Mathayo 24:28: "Kwa kuwa po pote ulipo mzoga, ndipo watakapokutanika tai." Akauliza: kama tai wanakutanika penye mzoga katika kitabu kinachosomwa na mamilioni, mnakataa kwa hoja ipi? Akaongeza kwamba kwao bara watu wengi husema tai kwa wote wawili, anayewinda na anayekula mizoga, na hakuna anayepotea.

Hoja hiyo ni nzito na sikuipuuza. Matumizi ya tai kwa mla mizoga yapo, ni ya siku nyingi, na anayeyaita makosa hawajui wasemaji wa lugha hii. Mwalimu alijibu kwa Biblia hiyo hiyo. Isaya 40:31, wamngojeao Bwana watapanda juu kwa mbawa kama tai. Alisema mwanafunzi anayeingia darasani na tai wa Isaya kichwani hawezi kumwona ndege mwenye shingo tupu iliyolowa damu. Lazima kwanza umwondolee picha ile, na mfasiri hana nafasi ya kufanya hivyo katikati ya hadithi.

Kilichomaliza mjadala ni sentensi moja ya mswada. Kaburu mmoja anamtukana mchuuzi aliyezoea kuzinunua kwa bei ya kutupa mali za waliofiwa. Anamwita aasvogel mzee. Kijana alikuwa ameandika "tai mzee wewe". Mwalimu akaisoma kwa sauti, kisha akamwomba kijana aisome mwenyewe. Kwa Kiswahili ile ni sifa. Ni jina la jemadari mstaafu.

Mwalimu ndipo akasema neno alilokuwa nalo tangu mwanzo na hakulitumia: tumbusi. Kwao analijua tangu utotoni. Aliliacha kwa hofu kwamba wanafunzi wa bara hawatalijua.

Maamuzi na sababu zake

Kabla ya kuamua tulifanya mambo mawili. La kwanza, kurasa za kifo cha ng'ombe, zikiwa na tumbusi badala ya mwewe, zilipelekwa kwa wanafunzi wa kidato cha pili katika shule mbili, moja ya pwani na moja ya bara. Wa pwani wengi walilijua neno. Wa bara wengi hawakulijua, lakini walipoulizwa ni ndege gani walimweleza sawasawa, hata shingo. Mwandishi alikuwa amefanya kazi ya kamusi.

La pili, tulimpigia simu mwongoza watalii wa kaskazini mwa Tanzania na kumsomea tukio lote. Alitusimamisha kwenye "wakinusa damu". Alisema tumbusi wa huku Afrika huona, hanusi. Mmoja akiona mzoga hushuka, wa mbali akimwona mwenzake anashuka naye humfuata, na wa mbali zaidi humfuata huyo. Ndiyo maana anga huwa tupu, kisha ghafla wapo kila upande. Tukarudi kwenye matini ya Kiingereza: mwandishi ameeleza hivyo hivyo, mmoja, kisha wawili, kisha anga imejaa. Mfasiri alikuwa ameifunika hesabu hiyo kwa pua asiyokuwa nayo ndege.

Alitusaidia pia kwa lile la magenge. Wapo tumbusi wanaolala na kutaga mitini, kama yule wa mgongo mweupe, na wapo wa majabali. Yule wa Rasi, kransaasvoël, hutaga kwenye magenge, na ni ndege wa kusini mwa Afrika. Afrika Mashariki hayupo. Mwandishi hakumtaja kwa jina kamili, lakini kwa kuwaweka kwenye magenge alikuwa amemwonyesha. Tulipowahamishia mitini tulibadilisha ndege bila kujua. Uamuzi ukawa kuyarudisha magenge na kutoongeza jina la aina.

Swali gumu likabaki: aasvogel lifanyweje? Kuliandika tumbusi kila mahali kungekuwa rahisi. Lakini neno hili ni geni ndani ya Kiingereza chenyewe. Mwandishi alikuwa na neno la kwake la kawaida, na mahali pengine analitumia. Alipochagua la Kaburu alikuwa na sababu. Tukapanga sehemu zote ambamo neno linatokea, na pembeni ya kila moja tukaandika nani anasema. Ikatoka midomo mitatu.

Wa kwanza ni msimulizi, mwindaji wa Kiingereza. Kwake aasvogel ni alama ya kwamba amekaa nchini na amezoea maneno ya huko. Kwa msomaji wa Kiswahili alama hiyo haipiti, maana neno la Kiholanzi halimwambii lolote kuhusu Mwingereza. Hapa tuliandika tumbusi, tukakubali hasara.

Wa pili ni Makaburu wenyewe. Neno ni lao. Kijana ndiye aliyelipigania libaki, na alikuwa na sababu ya nyumbani. Makaburu walihamia Uasin Gishu mwaka 1908, na Eldoret hadi leo wazee huiita Sisibo, kutokana na shamba namba 64. Lugha ile iliwahi kusikika kwao, alisema, isifutwe midomoni mwa wenyewe. Tukaliacha, kwa hati mlazo, bila s ya Kiingereza, na bila tanbihi. Mara ya kwanza maana yake inatolewa ndani ya sentensi: "Aasvogel," alisema Kaburu, akiwaonyesha tumbusi wale kwa mpini wa mjeledi. Mpini umo katika matini asilia. Tumbusi tuliongeza sisi.

Wa tatu ni mzee wa Kizulu. Mwandishi amemtia mzee huyu neno la Kiholanzi mdomoni, ilhali hadithi inasema wazi anazungumza Kizulu na mwindaji. Kwa Kizulu ndege huyo ni inqe, na wingi ni amanqe. Kwa muda tulifikiria kumrudishia neno lake. Tukaacha, kwa kuwa hapo tungekuwa tunamsahihisha mwandishi badala ya kumfasiri. Lakini kumwachia aasvogel kungemfanya mzee asikike kama mtu aliyelelewa na Makaburu. Anasema tumbusi. Maneno yake yote kitabuni yameshafasiriwa kutoka Kizulu, na hili lifasiriwe pia.

Majina ya mahali hatukuyagusa. Kusini mwa Afrika kuna vilima kadhaa vyenye jina hili, kama mlima Aasvoëlberg ulio juu ya mji wa Zastron, na kilima cha hadithini kilibaki na jina lake.

Matokeo

Kitabu kilichelewa, kwa sababu kurasa zilikwisha kupangwa na ikabidi zipangwe upya. Mchapishaji hakufurahi, na gharama ilikuwa ya kweli.

Tukio la korongo sasa linafanya kazi. Mwalimu mmoja aliyelisoma na darasa lake aliandika kwamba wanafunzi walianza kunong'ona "amekufa" kabla mwindaji hajafika. Hicho ndicho mwandishi alichokitaka.

Kanuni ya midomo mitatu ilivunjika mahali pamoja, kwenye tusi. Anayetukana ni Kaburu, kwa hiyo kwa kanuni ilipaswa kuwa "aasvogel mzee wewe". Tuliiandika hivyo katika prufu za kwanza. Wasomaji wa majaribio walielewa neno lakini hakuna aliyesikia tusi. Mwalimu alipendekeza fisi, ambalo ndilo Waswahili humwitia mlafi. Lingechoma, lakini lingemtoa ndege kwenye mnyororo wa hadithi, na mchuuzi yule ndiye anayekuja kukutwa akipekua mifuko ya maiti korongoni, chini ya ndege wale wale. Tukaandika "tumbusi mzee wewe" na kuacha kanuni ivunjike.

Baadhi ya wasomaji walilalamika kwamba ndege mmoja ana majina mawili. Mchapishaji aliongeza sherehe fupi, yaani orodha ya maneno na maana zake, mwishoni mwa kitabu, na humo mwalimu akaomba iingizwe aya moja juu ya ndege wenyewe. Mwaka 2019 kaskazini mwa Botswana tumbusi 537 walikufa baada ya kula mizoga ya tembo watatu iliyotiwa sumu. Majangili huwaua ndege hawa kwa makusudi, kwa sababu wakizunguka huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipouawa. Tumbusi wa mgongo mweupe leo yuko kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Niliikubali aya hiyo kwa moyo wote. Ujuzi wa yule mwindaji wa hadithi, kwamba ndege hutoa siri ya kifo, ndio unaowaua sasa.

Uchambuzi

Tatizo la kwanza lilikuwa la mpangilio wa kazi. Wafasiri wawili walipewa matini moja bila orodha ya pamoja ya istilahi. Mfasiri wa kwanza hakuwa mzembe. Alikisia kwa muktadha kama wengi wetu tunavyofanya. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba neno litarudi mara nyingi na kwamba kilele kinalitegemea. Hilo hulijui mpaka umesoma kitabu chote, na mfasiri wa kwanza alikuwa amepewa nusu tu. Kumpa mtu nusu ya hadithi aifasiri ni kumnyima nyenzo kuu ya kazi yake, na mchapishaji anayefanya hivyo ili kuokoa muda ataulipa muda huo baadaye, kama huyu alivyoulipa.

Hofu kwamba wanafunzi hawatalijua tumbusi ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Mwalimu alikuwa na neno sahihi, la lugha yake, akaliweka pembeni na kuchukua la jirani. Wafasiri wengi wa vitabu vya shule hufanya hivyo, na kwa njia hiyo vitabu vinazidi kuwa na maneno machache kuliko wanafunzi wenyewe. Jaribio la shule mbili lilikuwa dogo mno kuthibitisha lolote kwa upana, ila lilitosha kuonyesha kwamba matini hii inalibeba neno.

Orodha ya "nani anasema" ndiyo iliyofaa kupita yote. Kabla yake tulikuwa tunabishana juu ya maana ya neno, na maana haikuwa na ubishi hata kidogo: wote watatu tulikuwa tumeshajua ni ndege wa mizoga. Baada yake tulibishana juu ya watu, na hapo kila sehemu ikajiamulia. Udhaifu wake ulionekana kwenye tusi, ambako athari ya sentensi ilizidi uzito wa msemaji.

Hasara ya msimulizi bado ipo. Mwindaji wetu wa Kiswahili haonyeshi kwamba ameokota maneno ya Makaburu, na kipande hicho cha tabia yake kimepotea. Kijana alipendekeza alitamke aasvogel mara moja, mwanzoni, akiwa na Kaburu kando ya moto. Nilikataa wakati ule kwa sababu mwandishi hana tukio kama hilo. Bado nakataa, ingawa nakiri pendekezo lake lingeziba pengo.

Mchapishaji ameagiza hadithi ya pili ya mwandishi huyo huyo. Wafasiri ni wale wale, na safari hii kila mmoja anasoma kitabu kizima kwanza. Orodha imeshaanza, ikiwa na safu tatu: neno, ukurasa, nani anasema. Krantz limo, spoor limo, na mahali panne mwalimu ameandika "Mzulu" na kuweka alama ya kuuliza.